Fonimu, kanuni, ngazi au mashartizuizi: data yako ya sauti uichambue kwa njia ipi?

Mwanafunzi wa isimu akishanukuu maneno yake na kuyapanga, swali linalomsubiri kwa msimamizi ni moja: "Unatumia nadharia gani?" Wengi hutaja ile waliyofundishwa muhula uliopita, au ile inayosikika ya kisasa zaidi. Hapo ndipo kazi nyingi za fonolojia huanza kuyumba, maana nadharia zinazotumika sana zilizaliwa kila moja kwa sababu iliyotangulia ilishindwa na aina fulani ya data. Ukiitazama data yako vizuri, mara nyingi itakwambia yenyewe inataka chombo gani.

Nitalinganisha njia nne: uchambuzi wa fonimu (sauti zinazotenganisha maana) na alofoni (sura mbalimbali za fonimu moja), fonolojia zalishi yenye kanuni, fonolojia vipandesauti huru, na Nadharia ya Umbo Upeo. Nitazipima zaidi kwa data moja ya Kiswahili, ili msomaji aweze kunikosoa kwa kutamka tu.

Kabla ya kuchagua

Fonetiki huuliza sauti inatolewaje, inasafirije na inasikikaje. Fonolojia huuliza sauti hiyo inafanya kazi gani ndani ya mfumo wa lugha. Chukua mpumuo, ile pumzi inayofoka baada ya p, t au k. Mzungumzaji wa Kiingereza huitoa katika *pin* na haitoi katika *spin*, wala hajui kama anafanya hivyo. Katika Kihindi mpumuo hubadili maana: *pal* ni muda mfupi sana, *phal* ni tunda. Katika Kiswahili cha asili cha pwani, paa la nyumba halina mpumuo na paa wa porini anao. Kaa la moto halina, kaa wa baharini anao. Wazungumzaji wengi wa leo hawatofautishi tena. Kifonetiki jambo ni lilelile. Kifonolojia ni mambo matatu mbalimbali: pambo tu katika lugha ya kwanza, kitenganishi cha maana katika ya pili, na katika ya tatu ni kitenganishi kwa baadhi ya wazungumzaji pekee.

Tofauti za njia zetu nne kwa ufupi ni hizi:

| Njia | Swali lake kuu | Inapong'ara | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Fonimu na alofoni | Sauti zipi hutenganisha maana? | Lugha mpya, tahajia, ufundishaji wa matamshi | Sauti zinazobadilishana ndani ya maumbo ya neno moja |
| Kanuni | Umbo la ndani linageukaje kuwa la nje? | Viambishi, mpangilio wa hatua | Kanuni nyingi zenye lengo moja |
| Vipandesauti huru | Sifa zipi zinajitegemea? | Toni (kupanda na kushuka kwa sauti kunakotofautisha maneno), usilimisho wa mbali (sauti kufanana na nyingine isiyo jirani) | Data isiyo na kinachosafiri |
| Umbo Upeo | Umbo lipi linavunja masharti madogo zaidi? | Ulinganishi wa lugha, maneno ya mkopo | Mabadiliko ambayo sababu yake imefichika |

Data ya kupimia

Sifa ikiambatana na nomino ya ngeli ya 9 au ya 10 (I-ZI), hupewa kiambishi cha nazali, yaani sauti ya puani kama m au n. Tunasema kazi *mbaya*, kazi *ndogo*, kazi *nzuri*, kazi *ngumu*. Nazali inafuata mahali pa konsonanti iliyo mbele yake: ya midomo kwa b, ya ufizi kwa d na z, ya kaakaa laini kwa g, ingawa maandishi hayaonyeshi hiyo ya mwisho. Konsonanti nayo huweza kuguswa: *-refu* inakuwa *ndefu*, *-wili* inakuwa *mbili*, na *ulimi* wingi wake ni *ndimi*. Mbele ya sauti zisizo ghuna, yaani zile zisizotikisa nyuzisauti kama p, t, k na f, nazali haionekani kabisa: kazi *kubwa*, *fupi*, *kali*, *tamu*, *ukuta* na *kuta*, *upande* na *pande*. Halafu kuna kazi *mpya*, ambamo nazali imebaki mbele ya p kama kwamba haikusikia habari. Na mwisho kuna *mtoto*, *mpishi*, *mkono*, maneno ya ngeli nyingine, ambamo nazali imekaa raha mustarehe mbele ya t, p na k.

Data ndogo, lakini ina mitego ya kutosha.

Fonimu na alofoni

Hii ndiyo njia kongwe kati ya hizi nne, na msingi wake ulijengwa hasa na wanaisimu wa Prague. Nikolai Trubetzkoy, aliyekuwa nguzo yao, alifariki 1938, na kazi yake kuu ikachapishwa 1939. Mbinu yenyewe ni rahisi kueleza: tafuta maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu, yaani jozi mlinganuo finyu. Kiswahili kina *noa*, *nyoa* na *ng'oa*, kwa hiyo n, ny na ng' ni fonimu tatu. Kina *kalamu* na *karamu*, kwa hiyo l na r ni fonimu mbili, hata kama kuna wazungumzaji wanaozichanganya kwa sababu ya lugha yao ya kwanza. Katika Kiganda mambo ni mengine: r hutokea baada ya irabu i na e, na l hutokea kwingineko. Haziwezi kukutana mahali pamoja zikatenganisha maana, basi ni alofoni za fonimu moja, ingawa tahajia ya Kiganda huandika zote mbili.

Tahadhari moja ambayo wanafunzi huiruka: kutokutana hakutoshi. Katika Kiingereza, h huanza silabi na ng' huifunga, hazikutani kamwe, lakini hakuna anayeziita alofoni za fonimu moja. Lazima sauti ziwe na mfanano wa kifonetiki pia.

Je, njia hii inafanya nini na data yetu? Inaeleza nusu ya kwanza vizuri. Trubetzkoy angesema upinzani kati ya nazali unafutika mbele ya konsonanti: *noa* na *ng'oa* ni maneno mawili, lakini mbele ya g huwezi kuchagua kati ya n na ng'. Baada ya hapo njia inanyamaza. L na d katika Kiswahili ni fonimu mbili zisizo na shaka (*ala* na *ada*), na bado *ulimi* unazaa *ndimi*. Fonimu moja imegeuka nyingine. Uchambuzi wa fonimu unaweza kuliorodhesha jambo hilo, hauwezi kulieleza.

Kanuni

Noam Chomsky na Morris Halle walipochapisha uchambuzi wao wa sauti za Kiingereza mwaka 1968, waliifanya fonimu isiwe tena mwisho wa safari. Kila neno lina umbo la ndani, lililohifadhiwa akilini, na umbo la nje linalotamkwa. Kati ya hayo mawili kuna kanuni zilizopangwa kwa zamu, nazo hazishughulikii sauti nzimanzima. Hushughulikia sifa bainifu kama ughuna, unazali na mahali pa kutamkia.

Hapa ndipo data yetu inapoanza kupendeza. Tuandike kanuni nne kwa maneno ya kawaida. Ya kwanza: l na r huwa d, na w huwa b, zikitanguliwa na nazali. Ya pili: nazali hufuata mahali pa konsonanti iliyo mbele yake. Ya tatu: nazali hudondoka mbele ya konsonanti isiyo ghuna. Ya nne: u ya kiambishi *mu-* hudondoka mbele ya konsonanti nyingi. Kwamba kiambishi hicho ni *mu-* tunajua kwa *muumba* na *muhogo*, na kwa *mwalimu*, ambamo u imegeuka w mbele ya irabu.

Sasa pitisha *n-tamu*. Kanuni ya tatu inaifuta nazali, tunapata *tamu*. Pitisha *mu-toto*. Kanuni ya pili na ya tatu zinaangalia na kukuta u imesimama kati ya nazali na t, zinapita bila kugusa kitu. Ndipo kanuni ya nne inakuja, inaiondoa u, na *mtoto* anazaliwa akiwa na m mbele ya t. Geuza mpangilio, uitangulize kanuni ya nne, na utapata *toto* mahali pa *mtoto*, yaani utapoteza kiambishi chote. Mpangilio huohuo unaeleza jambo la pili bila gharama ya ziada: kwa nini m ya *mkono* haikufuata mahali pa k wakati nazali ya *ngumu* imefuata mahali pa g. Wakati kanuni ya pili inapita, m ya *mkono* ilikuwa bado haijagusana na k.

Kwa maoni yangu, ukimwonyesha mwanafunzi hoja hiyo moja, umemfundisha fonolojia zalishi zaidi ya kurasa kumi za alama.

Udhaifu wake ni uhuru. Umbo la ndani halionekani, hivyo ni rahisi kuliwekea chochote kinachokufaa. Tazama *chukua*, ambayo kutendwa kwake ni *chukuliwa*. L imetoka wapi? Mwanafonolojia zalishi atasema shina ni *chukul-* na l hudondoka kati ya irabu pasipo kiambishi cha kuilinda. Historia inamuunga mkono, maana l hiyo imo bado katika lugha nyingi za Kibantu. Lakini *sahau*, neno lililotoka katika Kiarabu na ambalo halikuwahi kuwa na l, nalo linatupa *sahauliwa*. Ama wazungumzaji wameliwekea l ya kubuni akilini, ama l ni kiungo tu kinachoingizwa irabu zikikaribiana. Kanuni zinaruhusu majibu yote mawili, na hazikwambii lipi ni sahihi. Ushahidi lazima utoke nje ya kanuni zenyewe.

Na *mpya*? Inabidi uongeze kwenye kanuni ya tatu: "isipokuwa shina likiwa la silabi moja." Inafanya kazi, ila haielezi kwa nini silabi moja iwe na upendeleo huo.

Umbo Upeo

Swali hilo la *mpya* ndilo lango la kuingilia Nadharia ya Umbo Upeo, iliyowekwa mezani na Alan Prince na Paul Smolensky mwaka 1993. Kanuni zinaondolewa. Badala yake, umbo ghafi (lile la ndani) hutoa wagombea wengi wa umbo la nje, na mashartizuizi, yaani makatazo juu ya maumbo, yaliyopangwa kwa uzito huwachuja. Mshindi si lazima awe msafi. Anatakiwa avunje yale mepesi ili kuyatii mazito. Kwenye jedwali, kila uvunjaji hupewa nyota na mshindi huonyeshwa kwa kidole.

Kwa data yetu tunahitaji matatu. Zito kuliko yote: neno la maana lisipungue silabi mbili. Linafuata: nazali isifuatwe na konsonanti isiyo ghuna. Jepesi: sauti ya umbo ghafi isidondoshwe. *Ntamu* inavunja la pili, *tamu* inavunja la tatu tu, basi *tamu* inashinda. *Pya* inavunja la kwanza, *mpya* inavunja la pili tu, kwa kuwa m yake ni silabi kamili na hubeba hata mkazo, *mpya* inashinda. Hakuna "isipokuwa."

Nguvu yenyewe inaonekana ukitoka nje ya ngeli ya 9. Tunasema gari *kubwa* lakini gari *jipya*. Kiambishi *ji-* kinajitokeza ili silabi zitimie. Tunaamrisha *soma!* lakini *kula!*, huku *ku-* ikibaki mahali ambapo kwa kawaida ingeondoka. Maneno ya silabi moja kama *na*, *wa* na *tu* ni ya kuegemea wenzao, hayahesabiwi. Kwenye njia ya kanuni, haya ni mambo matatu yasiyojuana. Charles Kisseberth aliliona tatizo hilo mapema, mwaka 1970, akaita hali ya kanuni mbalimbali kufanyia kazi lengo moja njama. Umbo Upeo huliandika lengo lenyewe.

Faida ya pili ni kulinganisha lugha. Mfuatano wa nazali na sauti isiyo ghuna unachukiwa kwingi, lakini dawa hutofautiana. Kiswahili huondoa nazali. Kijapani huipa ughuna konsonanti: *shin-*, kufa, pamoja na *-ta* ya wakati uliopita hutoa *shinda*. Kiindonesia huunganisha mbili kuwa moja: *tulis*, andika, huwa *menulis*, na *pilih*, chagua, huwa *memilih*. Shartizuizi ni moja. Kinachobadilika ni uzito wa mengine yaliyo chini yake. Kadhalika maneno ya mkopo. Kiswahili kinapoazima neno lenye konsonanti mwishoni, huongeza irabu kuliko kutupa konsonanti: *basi*, *klabu*. Kihawaii, chenye konsonanti nane tu, kiliibadili *Christmas* ikawa *Kalikimaka*: nacho kimeongeza irabu, na juu yake kimeweka k mahali pa s.

Nimeliacha la mwisho kwa makusudi. *Mtoto* inavunja shartizuizi la pili waziwazi na hailindwi na la kwanza, maana *toto* ingekuwa na silabi mbili. Ukisema shartizuizi haligusi nazali iliyo silabi, utaulizwa kwa nini *n-tamu* haikujifanya silabi ikaokoka. Kila jibu linadai shartizuizi jingine. Mabadiliko ya aina hii, ambayo sababu yake haionekani tena kwenye umbo la nje, yameisumbua nadharia hii tangu mwanzo, na matoleo yake kadhaa ya baadaye yaliundwa kuyashughulikia. Kanuni ziliyamaliza kwa mstari mmoja.

Ndiyo maana tasnifu nyingi za Umbo Upeo hunichosha. Zina majedwali mazuri, nyota zimepangwa, lakini mashartizuizi yametungwa baada ya mshindi kujulikana. Shartizuizi lisilofanya kazi kwenye lugha nyingine yoyote ni kanuni iliyovaa kanzu.

Ngazi zinazojitegemea

Fonolojia vipandesauti huru ingepaswa kutangulia kwa umri, kwani John Goldsmith aliitetea katika tasnifu yake ya 1976 pale MIT, chuo kikuu cha Marekani. Huiweka sifa kama toni kwenye ngazi yake yenyewe, ikaunganishwa na irabu kwa mistari. Nimeichelewesha kwa sababu data yetu haiihitaji sana. Ingechora nazali na konsonanti zikishirikiana mahali pamoja pa kutamkia kwa mistari miwili inayokutana, mchoro mzuri kuliko kanuni ya pili, na basi.

Ukienda kwenye toni, hali inageuka kabisa. Kiswahili sanifu hutumia mkazo, na hata pale unapotenganisha maana, kama njia ya *barabara* yenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na *barabara* ya "sawasawa" yenye mkazo silabi moja nyuma zaidi, hakuna kinachosafiri. Lakini Kizigula, jirani yake, kinakuonyesha toni ya juu ikihama: *kulombéza*, kuomba, *kulombezéza*, kuombea, *kulombezezána*, kuombeana. Toni ni mali ya shina, ila huonekana kwenye silabi ya pili kutoka mwisho hata shina liwe limeachwa nyuma. Ukiweka toni ndani ya irabu kama sifa, utaandika kanuni za kuifuta hapa na kuiumba pale. Ukiiweka kwenye ngazi yake, unahamisha mstari mmoja.

Kimende cha Sierra Leone kina ushahidi mwingine. Mkondo wa toni juu-chini huweza kukaa kwenye neno la silabi moja, *mbu* (bundi), la mbili, *ngila* (mbwa), au la tatu, *felama* (njia panda). Katika la kwanza toni zote mbili zinabanana kwenye irabu moja ikasikika ikishuka; katika la tatu ya chini inajitandaza hadi mwisho. Mkondo ni mmoja, silabi ni idadi yoyote. Hoja ya namna hii haiwezekani kabisa kama toni imefungwa kwenye irabu.

Upatanifu wa irabu pia unakaa vizuri hapa. *Pika* hutoa *pikia*, *soma* hutoa *somea*: sifa ya irabu ya shina inaenea hadi kwenye kiambishi, ikivuka konsonanti.

Sasa chagua

Kama lugha yako haijaandikwa, au unatunga tahajia, au unafundisha matamshi kwa wageni, tumia fonimu na alofoni, na usione haya kwamba ni ya zamani. Anayeruka hatua hii na kukimbilia jedwali la Umbo Upeo hujikuta akibishana juu ya sauti ambazo hajathibitisha kuwa ni fonimu.

Kama mada yako ni viambishi vya lugha moja na kinachokutokea ni mabadiliko yanayotegemeana kwa zamu, tumia kanuni. Kwa tasnifu ya shahada ya kwanza ningependekeza hii karibu kila mara.

Kama kuna toni, vipandesauti huru, bila mjadala. Rekodi sauti na uzipime kwanza kwenye Praat, programu ya bure ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Sikio linaloijua lugha husikia toni inayoitarajia.

Kama unalinganisha lugha mbili au zaidi, au unachunguza maneno ya mkopo, au umegundua kwamba mambo matatu yasiyofanana yanakimbilia lengo moja, hapo Umbo Upeo inakupa kitu ambacho wengine hawana.

Wasimamizi wengine hudai uchague moja na kuachana na zilizobaki. Kati ya vipandesauti huru na Umbo Upeo dai hilo halina msingi. Ya kwanza inasema umbo linafananaje ndani, ya pili inasema umbo linachaguliwaje, na tangu miaka ya 1990 wanafonolojia wa toni wamekuwa wakichora toni kwenye ngazi yake kisha kuwaachia mashartizuizi kazi ya kuamua itue wapi. Katazo la toni mbili za juu kukaa bega kwa bega, ambalo William Leben alilianzisha 1973 kabla ya nadharia zote mbili, linatumika katika zote mbili. Ugomvi wa kweli uko kati ya kanuni na mashartizuizi, na huo utaamuliwa na idadi ya akina *mtoto* waliomo katika data yako ikilinganishwa na akina *mpya*.